Saa Mbili, Saa Nane

Aliiweka juu ya meza yangu kama mtu alazaye kichanga:
kisanduku cha mbao, ndani yake saa ya baharini,
uso mweupe, pete za shaba za kuizuia isilale upande.
"Bwana Shekuwe, inachelewa. Sekunde tatu kwa siku."
Sekunde tatu! Malindi hii, mwaka wa sabini na nne,
ambako anayekuahidi adhuhuri huja baada ya alasiri.

Harmsen, Mjerumani, tulimjua kwa kofia yake ya ukindu
na kwa kununua ndimu moja moja pale sokoni.
Hakuna aliyemwuliza katoka wapi. Wazungu hutoka Ulaya, basi.

Nikafungua kifuniko. Mafuta yameganda kama uji wa jana.
Na kwa kuwa fundi akiinama huonekana hana masikio,
akaanza kusema.

Alianza na ramani. Ndani ya nyambizi, watu hamsini,
jasho, dizeli, mkate ulioota ndevu za ukungu,
kazi yake yeye ilikuwa kujua walipo.
Wakiibuka usiku alipanda mnarani na kipima-nyota,
akapewa dakika nne: Suheli, Kilimia, ile nyekundu ya Nge,
kisha chini mbio, penseli, kidoti kwenye karatasi.
"Kidoti changu," akasema, "hakikuua mtu."
Sikumjibu. Nilikuwa nimebana skrubu kwa koleo.

Kisha ndege ikawakuta juu. Kamanda akabaki mnarani,
nusu yake. Afisa wa pili homa imemlaza.
Nani aijuaye njia? Mwenye penseli.
Wakampa darubini, wakampa kofia yenye jasho la marehemu,
na tangu siku hiyo hakuulizwa tena wako wapi,
aliulizwa tani ngapi.
Elfu nne. Elfu sita na mia mbili.
Alizitaja kama karani asomaye daftari la duka la kopra.

"Moja ilikuwa meli ya makaa, mlango wa Msumbiji,
Machi, arobaini na tatu. Saa mbili usiku."

Koleo likaniteleza.

Baba yangu, Lali Famau wa Shela, alichochea makaa
katika meli iliyotoka Mombasa mwezi huo. Durban haikufika.
Barua ya kampuni ilikuja kwa Kiingereza,
kijana wa skuli akaifasiri neno kwa neno: saa mbili usiku.
Na mama, saa mbili ya usiku ule, alikuwa arusini Langoni,
anapiga vigelegele, kikuba cha asumini kifuani.
Miaka thelathini na moja hajagusa asumini.

"Hiyo saa mbili," nikamwuliza, "watu wametoka kuswali isha?"
Akacheka kidogo. "La, la. Usiku wa manane.
Mshale hapa," akagusa kioo, "kwenye mbili."
"Basi kwetu hiyo ni saa nane."
"Nane," akarudia, taratibu, kama mtoto wa chuoni.

Sikumwambia neno. Meli za makaa zilikuwa nyingi,
na Machi ina siku thelathini na moja.
Nilisafisha magurudumu, nikatia tone la mafuta kwa ncha ya sindano,
nikamtoza shilingi arobaini, bei ya kila mtu.
Mlangoni akageuka. "Sasa itanionyesha nilipo?"
"Itakuonyesha saa," nikasema. "Ulipo utatafuta mwenyewe."

Usiku nikachukua karatasi.
*Mama, alipokufa ulikuwa umelala.*
Nikafuta. *Mama, huenda ulikuwa umelala.*
Nikaiangalia hiyo huenda mpaka taa ikaanza kutoa moshi.

Bahasha iko kwenye droo, pamoja na mishale iliyovunjika.
Basi la Mokowe huondoka saa moja.
Ya asubuhi.