Mshono

Vuai Pandu kaniegemezea mbao tatu ukutani,
zimesimama kama wanaume waliokuja kuposa pamoja.
"Chagua, Bi Mwanakhamis. Wageni wamekwenda zao, vitu vimebaki."

Mie fundi cherehani. Miaka kumi na mmoja hapa Jambiani
nayatia viraka matanga ya watu, futi shingoni,
na bahari yenyewe naijua mpaka magotini.

Ubao wa kwanza mwembamba, mwekundu, umechongoka
kama mtu aliyezaliwa na hoja.
Mkono wangu uliuendea kabla yangu.
Kheri, mwanangu, yuko darasa la tano, husoma kila kilichoandikwa:
"Lita themanini na tano, mama."
Na mie kilo sabini na mbili, kabla nguo hazijalowa.
Hesabu ya skuli hiyo. Nikaurudisha mkono.

Wa pili mweupe, safi, umepakwa rangi juzi.
Rangi ya juzi naiogopa.
Gauni linalosifiwa sana upande wa mbele
huwa limeungua mgongoni.
Nikaugeuza. Nikaubonyeza kwa dole gumba,
toka pua mpaka mkia, sina haraka,
na karibu na tundu la mlingoti
ukabonyea kama andazi la jana.
Nikaugonga. Huku, kwa, kwa, kwa.
Pale, bu.

"Jua tu hilo," Vuai akasema.

Nikamtuma Kheri kwa mnunuzi wa mwani
akaazime mzani.
Tukautundika ubao kwenye boriti, watu wamekusanyika.
Vuai alikuwa ameapa kilo kumi na mbili.
Mshale ukapita kumi na mbili bila kuamkia,
ukenda kusimama kumi na tano na nusu.
Kilo tatu na nusu za maji ya chumvi zimelala humo ndani,
na mtu anataka kuniuzia bahari
kwa bei ya ubao!
Wakacheka wote. Vuai akacheka wa mwisho.

Wa tatu hakuna aliyeusifia.
Mnene, mpana kama meza yangu ya kukatia,
rangi yake ya kanga iliyofuliwa
mpaka ikasahau jina lake.
Lita mia na tisini.
Kisu cha katikati kinapanda na kushuka
kwa ubishi, lakini kinapanda.
Kanda za miguu hauna. Sizitaki:
nifungwe miguu pahala nisipojua kusimama?
Gonga, kwa. Gonga, kwa.
Kila mahali neno lile lile.

"Na tanga?"

Akatoa manne.
Moja kioo chake kimeingia mtoto wa jicho,
ukilikunja linalia kama bahasha.
Moja mita saba na nusu, lataka mabega ya mpakizi wa karafuu.
Moja limenuka panya, sikulifungua.
La nne dogo, mita nne na nusu, manjano iliyochoka,
lina kiraka pembeni, uzi mweusi.

Nikaupitisha ukucha.

Zigizaga, mara mbili,
halafu kurudi nyuma hatua tatu,
kwa kuwa fundi huyu haamini fundo moja.
Namjua fundi huyu.
Usiku ule umeme ulikatika, Kheri yumo tumboni,
tochi nimeiuma kwa meno,
na mwenyewe, Mpolandi mrefu, ananipungia mbu kwa kofia.
Alinilipa elfu nane na soksi.
Mtoto amezaliwa, amejua kusoma lita,
na uzi haujaachia.

Nikalitupa kando.
"Limechakaa hili, Vuai. Punguza.
Na kiungo cha mlingoti mpira wake una ufa,
kipya juu yako."
Sikumwambia jengine.

Laki tatu, na matanga mawili nitamshonea bure.

Tukaubeba, Kheri mbele, mie nyuma,
tukipita barazani watu wanauliza:
"Umenunua meza, Bi Mwanakhamis?"
"Meza," nikawajibu.
Kesho maji yakijaa
nitajua kama nilisema uwongo.