Blanketi la Mistari

Jumanne jioni, ghorofa ya tatu ya shule kongwe,
mabomba ya joto yakigonga ukutani
kama mtu aliyefungiwa ndani akasahauliwa,
Bi Bogumiła aliweka yai mezani.
"Lichoreni. Ila kivuli ni marufuku.
Sitaki kusugua kwa kidole, sitaki masizi.
Mstari tu."

Nikachora duara lililobonyea kidogo.
Akaja nyuma yangu, koti lake likinuka kitunguu na chaki.
"Hilo ni tundu," akasema. "Yai liko wapi?"

Ndipo akatuletea sisimizi.
Mfikirieni sisimizi, miguu yake imelowa wino,
anavuka yai toka upande huu hadi ule.
Yai halijui. Anajua kupanda tu,
anajua kufika mgongoni na kuanza kushuka
hadi pale anapokupotea machoni.
Mfuate. Ukimpitisha njia ya mkato
umelikanyaga yai.

Karatasi haina kina, alisema.
Kina ni kazi ya mstari.

Wiki sita nilimfuata yule sisimizi.
Tulizunguka birika. Tulizunguka goti la plasta,
na peasi, ambalo kiunoni lilitushinda.
Wiesław, mstaafu wa reli, aliyekaa dirishani,
alichora bomba kwa mistari iliyonyooka kama njia zake.
"Bomba lako limepigwa pasi," akaambiwa.
Alicheka mpaka akakohoa,
akafuta, akaikunja mistari mmoja mmoja
kwa ulimi nje, kama mtoto anayefunga viatu.

Nikajifunza kukandamiza penseli pale umbo linaponijia,
na kuilegeza pale linapokwenda zake.
Nikajifunza kwamba mistari husongamana ukingoni,
mahali kitu kinapoanza kukupa kisogo.

Februari nilikwenda kwa mama,
kijijini, nje kidogo ya Łowicz.
Theluji ilikuwa imefika kwenye kingo za madirisha.
Alilala mchana, ubavu, akielekea ukutani,
chini ya blanketi la sufu alilofuma mama yake:
rangi ya machungwa, kijani, nyeusi, waridi kali,
mistari inayompita mtu toka ukutani hadi sakafuni.

Mama hapendi kuchorwa.
Nikasema moyoni: simchori yeye, nachora blanketi.

Mstari wa kwanza ukapanda bega, ukateremka.
Wa pili ukapita mbavuni.
Wa tano nikaupandisha juu kabisa, bila kutazama,
maana nyonga ile naijua,
nilibebwa juu yake hadi nikawa mzito wa kuaibisha.
Kisha nikatazama.
Blanketi halikupanda.

Nikafuta. Nikachora tena, chini zaidi.
Nikafuta tena.
Sisimizi akapita karibu tambarare,
akajikwaa kidogo kwenye mfupa,
akaendelea hadi kwenye godoro.

Na kila Jumapili, kwenye simu:
"Nakula vizuri, Jagna. Nakula hata usiku."

Alipoamka alinyoosha mkono, akataka karatasi.
Akaiweka mbali, kisha karibu; miwani ilikuwa jikoni.
"Umechora blanketi," akasema.
"Ndiyo, mama."
Kidole chake kikaufuata mstari wa tano
taratibu, toka ukutani,
kikafika pale, kikasimama.
"Hapa umenipunguza."
"Sijapunguza kitu."

Nje jirani alikuwa anakwangua theluji kwa koleo:
kwaa, kimya, kwaa.
Mama alinirudishia karatasi uso chini,
akavuta blanketi hadi kidevuni,
na mistari yote ikahama,
ikabidi kuanza upya.

"Basi," akasema akiuelekea ukuta,
"pasha moto ile supu.
Bakuli kubwa.
Na usinitazame nikinywa."