Penye Tupu

Jumanne, saa mbili asubuhi, Freiberg.
Theluji imeng'ang'ania madirisha.
Wanafunzi kumi na tisa, mmoja amelala.
Naandika ubaoni: vilivyo karibu hufanana.
Nafuta. Naandika: hufanana, lakini hadi wapi?

Kozi nzima imo humo, nawaambia, katika "hadi wapi".
Fimbo ya mbali haiui nyoka;
kazi yetu ni kupima urefu wa fimbo.

Nachora mstari. Unapanda, unapanda,
kisha unachoka, unalala tambarare.
Mita mia nne na ishirini. Ukivuka hapo,
udongo wa huku na wa kule haujuani,
hata salamu haupeani.

Kisha ramani: risasi ardhini,
masalio ya machimbo ya fedha
yaliyofungwa kabla mama zao hawajazaliwa.
Njano, chungwa, nyekundu.
Kompyuta imejaza kila penye tupu
bila haya, kama mgeni anayejibu asichoulizwa.

Friederike Nestler, ambaye tangu Oktoba
hajafungua kinywa, anainua mkono.
"Hapo penye wekundu ni bustani ya bibi yangu.
Karoti zake tunazila kila Jumapili.
Nani alikuja kuchimba? Lini?"

Aliyelala ameamka.
Natafuta nukta. Ya karibu kabisa iko ng'ambo ya reli,
mita mia sita na kumi.

Ningeweza kusema "makadirio", nikaendelea.
Miaka ishirini nimesema "makadirio", nikaendelea.

Nafungua ramani ya pili, ile ninayoionyesha
dakika tano za mwisho, watu wakifunga mikoba:
ramani ya tusichokijua.
Juu ya bustani ile, nyeusi tii.
"Hii ndiyo ya bibi yako," namwambia.
"Ile nyekundu ni uvumi wa majirani."

Alhamisi tukaenda, na kekee ya udongo, nyundo, mifuko.
Ardhi ilikuwa imeganda kiganja kizima.
Bibi alitutazama kutoka dirisha la jikoni,
akatoka na buti za marehemu mumewe.
"Mkichimba shimo moja, mtajua na la pili?"

"Inategemea," nikasema, "liko mbali kiasi gani."

Akageuka, akahesabu hatua kwa sauti
hadi kwenye uzio, kumi na saba,
akakita kisigino thelujini.
"Basi na hapa."

Majibu ya maabara hayajarudi.
Karoti ziko chini ya ngazi, zimefukiwa mchangani.
Jumapili hii wamekula kabichi.