Kadi ya Neno Himo

Hilkka aliokota maneno
kama wengine kule Lieksa waokotavyo uyoga:
kwa kuinama, kwa kisu kidogo,
na bila kumwambia mtu ni wapi.

Kadi ilitosha kiganja.
Juu neno, kisha maana, chini kabisa mfano
uliotoka kinywani mwa mtu mwenye jina na kijiji.
Kila Ijumaa alizifunga uzi akazituma Helsinki,
kwa watunga kamusi
wasiojua harufu ya zizi.

HIMO, aliandika, mwaka ule wa theluji nyingi.
Hamu iliyoota meno.
Akafuta. Kamusi haitaki meno.
Tamaa kali, isiyotulia.

Mifano haikumtoa jasho.
Mchungaji alilitamka akikaza shingo,
kana kwamba neno limeingia kanisani bila nguo.
Jumatatu, dukani kwa Sulo,
neno lile lile lilikuwa limevaa aproni:
himo ya vitamu, alicheka Martta,
akibeba mikate minne ya mdalasini
na kuapa kwamba mitatu ni ya wageni.
Mwalimu alilisifia mtoto: ana himo ya kujua.
Gazeti lililaumia diwani: himo ya madaraka.
Na Aimo, mumewe, dereva wa magogo,
aliitwa mvuvi wa himo,
maana yake mtu wa kuketi juu ya ziwa lililoganda
saa sita nzima, kwenye kigoda,
mbele ya tundu lisilozidi sahani,
arudi na sangara mmoja wa kumtupia paka,
na kesho aamke kabla ya kengele.

"Si samaki," alimwambia. "Samaki wamejaa dukani."
"Ni nini basi?"
Alifikiri mpaka kahawa ikapoa.
"Ni ule mvuto wa uzi, kabla hujajua ni nini."

Hilkka aliuandika. Jina la msemaji hakuweka.
Kadi hiyo haikwenda Helsinki.

Machi, kiharusi.
Hospitalini Joensuu walimwonyesha picha:
kikombe, ufunguo, mbwa.
Aimo aliziangalia moja moja kwa adabu,
akasema: himo.
Nesi kijana akageuka mwekundu hadi masikioni.
Maneno yote yalikuwa yamehama, nyumba tupu,
likabaki hilo moja, limekalia kizingiti.

Himo, asubuhi: kahawa.
Himo, kidole dirishani: vuta pazia.
Himo, bega likipanda: nikune, chini kidogo, hapo.
Himo kwa hasira: si soksi hii!
Himo ya mtoto wao kupiga simu kutoka Turku,
hiyo ilikuwa ndefu, ikakatikia katikati.
Na usiku, kwa sauti ya chini, mkono ukitafuta shuka,
himo
ambayo Hilkka, mwenye kadi elfu tatu,
hakuihitajia kadi.

Aprili alionyesha ziwa.
"Barafu imeshalegea, Aimo. Itakumeza."
Himo.
"Hata mbweha hapiti tena."
Himo. Himo. Machozi yakamtoka upande mmoja,
ule ambao uso bado ulikuwa wake.

Basi akaleta ndoo ya maji, akaiweka kati ya magoti yake.
Akampa fimbo ndogo ya uvuvi katika mkono uliobaki,
akaupitisha uzi ndani ya ndoo, ukatokea upande wa pili,
ukapita chini ya meza, chini ya mlango,
mpaka jikoni, alikokaa sakafuni
mwanamke wa miaka sabini na moja, magoti yakimlalamikia,
ncha imezungushwa kidoleni.

Alingoja. Mvuvi hapendi haraka.
Saa ya ukutani ikatembea, viazi vikachemka na kufurika.
Hakuinuka kuvipunguzia moto.

Kisha alivuta, kidogo tu.

Chumbani, kigoda kililia.
Kimya.
Halafu uzi, kutoka upande wa Aimo,
ukamvuta yeye.