Mlango wa Bwanakombo

Mimi hulipwa kwa futi.
Hoteli ya Nyali imeagiza milango ishirini,
ua lile lile, mnyororo ule ule,
na hapa Kibokoni wateja
huniuliza bei kabla ya kuniamkia.

Bwanakombo ni karani wa makontena, Kilindini.
Jumapili huja karakanani, hukopa patasi yangu butu
(ile kali simpi),
akaketi juu ya debe, akachonga mlango.
Mwaka wa tatu huu.
Chumba alichopanga Tudor kina mlango wa bati,
na mwenye nyumba hataki kusikia habari.

Nikamwambia: waridi lako limepinda.
Akalitazama, kichwa akakipinda vivyo hivyo.
"Kweli," akasema. "Ndivyo lilivyokuwa la mamangu,
kwenye kopo la samli, likitafuta dirisha."

Nalicheka. Kisha usiku,
mlango wa kumi na moja ukiwa magotini,
nikagundua mkono unakwenda wenyewe
nami niko pengine:
kwenye ada ya Shamsa, kwenye bei ya mvule.

Sisemi pesa ni haramu.
Pesa ndizo zilizonifunza kunyoosha mstari;
njaa ni mwalimu asiye na likizo.
Lakini waridi langu halijapata kupinda,
na ukiniuliza ni la nani
nitakuonyesha risiti.

Jumapili iliyopita, alipofika,
nalimpa patasi kali.
Akajikata kidole.
Akainyonya damu,
akaendelea.