Shimo la Injini

Boti imekaa juu ya matairi sita, Kizota,
kilomita mia na ushee kabla ya Mtera.
Mbuzi wa jirani wamehamia chini ya tumbo lake.
Nyuma, pale pa injini, pana shimo.
Nimeshuka humo na futi kamba,
nikatoka na vipimo vinne kwenye kiganja;
jasho likafuta cha tatu,
nikashuka tena.

Chilongani anataka kishindo.
Petroli, silinda nane, tena mbili:
"Migoli wanisikie nikiwa bado Mtera."
Mzee, namwambia, petroli haina adabu
ndani ya shimo lililofunikwa.
Mvuke wake ni mzito, hujilaza chini kama kifutu,
husubiri cheche moja ya swichi.
Dizeli ni goigoi wa kuamka, inanuka,
lakini haitakulipua na abiria wako.
Anauliza bei.
Naitaja.
Anavua kofia, anachungulia ndani yake
kana kwamba kuna mtu alisahau pesa humo.

Halafu namchorea sakafuni kwa chaki.
Humu injini inakaa kinyume, uso nyuma.
Nguvu inatoka, inakwenda mbele kwanza,
inaingia giaboksi, inakunjwa kama kiwiko,
inarudi chini ya injini ileile iliyoizaa
mpaka kwenye propela.
"Yaani inakwenda mbele, irudi nyuma,
ndipo mimi niende mbele?"
Ndiyo.
"Kama faili langu la kiwanja," anasema,
na kwa mara ya kwanza siku hiyo tunacheka.

Jumanne anarudi na hesabu yake mwenyewe.
Kulia, mpya kabisa.
Kushoto, ile iliyokuwa ikivuta maji
shamba la zabibu Hombolo, imepigwa rangi juu ya kutu.
"Mbili ni mbili, fundi."

Nikafuta mikono, nikaifuta tena.
Chilongani ana nyumba mbili,
moja kila upande wa bwawa,
na wanunuzi wote wa perege wanajua
ni ipi ina bati jipya.
Sikuligusa hilo.
Nilisema tu habari za injini:
yenye nguvu itasukuma, dhaifu itaburutwa,
na usukani utaupinda mkono wako kutwa nzima
ukimtetea mmoja.
Hutafika, Mzee. Utazunguka.

Akatazama mbuzi.
Akatazama mbuzi muda mrefu.

"Na zikiwa ndogo, lakini sawa?"

Zikiwa ndogo lakini sawa,
moja ikizungukia kulia, nyingine kushoto,
kila moja hulifuta kosa la mwenzake.
Utachelewa kidogo.
Ila ukiachia usukani ukanywa chai
utaikuta boti inaelekea kulekule.

Zikaja Alhamisi juu ya kirikuu:
dizeli mbili za silinda nne,
si mpya, si mikweche,
namba zake za kiwandani zimefuatana.
Injini ya majini haiwashwi kavu,
na Kizota maji ni ya mgawo.
Tukanunua madumu tisa kwa Nyendo
tukaninywesha pipa, pipa likainywesha injini.
Ya kwanza ikakohoa, ikatema moshi wa buluu,
mbuzi wakatawanyika hadi barabarani,
kisha maji yakaanza kutoka nyuma, vuguvugu,
na Nyendo, ambaye hajawahi kuliona bwawa,
akakimbia na beseni:
"Msiyamwage! Nitalowekea magunia."

Ya pili ikaitika kabla sijaachia ufunguo.
Nikaweka kiganja kwenye ubao wa boti,
nikasubiri mtetemo unaogombana na mwenzake.
Haukuwepo.

Nilipogeuka kumwita aje asikie,
Chilongani alikuwa nje ya geti, simu sikioni,
kidole kingine kimeziba sikio la pili,
akipiga kelele juu ya ngurumo:
bati, ndugu yangu, bati,
geji ileile,
rangi ileile ya mwaka juzi,
hapana, si Migoli,
upande wa pili.