Daftari la Rutamba

Somoe Nampembe ana daftari la mwanawe wa darasa la tatu:
upande huu kujumlisha,
upande ule perege waliorudi ziwani.

Jumatatu, saba. Jumanne, mvua.
Jumatano kumi na mmoja, mmoja mpana kama kiganja;
tukamrudisha majini, sufuria ikanuna.

Chandarua changu nilikipeleka mwenyewe kikachomwe.
Kilikuwa kinakomba hadi wachanga.
Hakuna aliyenisema. Moshi ulinifuata mimi tu.

Miezi minne hatugusi kwenye matete.
Tunakula kisamvu, tunanuniana,
mume wa Somoe kakutwa na ndoana mfukoni,
kamlipa faini mkewe.

Leo perege jike kafungua kinywa,
vifaranga wakamwagika, punje za ufuta.
Somoe kashika kalamu, haandiki.
"Hawa," anasema, "tusiwahesabu bado."